Meneja anataka niondoe picha za shoo kwenye tovuti yangu: je, si zangu?

SWALI

Ndugu washauri,

Napiga picha za shoo za muziki, huu ni mwaka wa tatu. Mwezi uliopita nilifungua tovuti yangu ya kwanza na kuweka potifolio ya picha 40, ili anayetaka kunipa kazi aone ninachoweza. Wiki moja baadaye nikapata barua pepe ya meneja wa msanii mmoja. Anataka niondoe picha 5 ndani ya saa 48 na nimtumie faili zake zote halisi, "kwa kuwa msanii ndiye mmiliki wa sura yake na wa onyesho lake". Tangu siku hiyo silali vizuri, maana sijui hata kama hizo 35 nyingine ni salama.

Picha zenyewe zimetoka sehemu nne. Picha 14 nilipiga kwa ajili ya jarida la mtandaoni. Jarida halinilipi, ila linanitafutia pasi ya kuingia eneo la wapiga picha mbele ya jukwaa. Hizo 5 za meneja zimo humo. Mlangoni nilisaini karatasi ya ukurasa mmoja, nikapewa nakala. Kuna mahali imeandikwa: "Picha zitatumika mara moja tu, katika chombo kilichotajwa hapo juu, kwa taarifa ya onyesho hili. Matumizi mengine yoyote yanahitaji kibali cha maandishi cha Menejimenti." Niliisoma mbiombio, begi mgongoni, shoo inaanza.

Picha 11 ni za bendi iliyonilipa. Mkataba hatukuandikiana. Tulichonacho ni ujumbe wa simu: "Tupigie shoo ya Jumamosi, tunataka picha za kuweka kwenye kurasa zetu." Juzi nimeona mojawapo kwenye bango la ziara yao, imekatwa pembeni, imebadilishwa rangi, na jina langu limefutwa.

Picha 9 nilipiga nikiwa nimekata tiketi kama shabiki mwingine. Na 6 za mwisho ni za watu: mbili za msanii akipakwa vipodozi nyuma ya jukwaa, moja ya msichana anayelia mstari wa mbele, moja ya mtoto aliyebebwa mabegani, na mbili za umati.

Juu kabisa ya ukurasa nimeweka video ya sekunde 20 ya shoo. Pia nilikuwa nafikiria kuuza chapa, yaani nakala zilizochapishwa, za picha 3. Niondoe zipi, nibaki na zipi, na huyo meneja nimjibuje?

Mpiga picha asiyelala

JIBU

Ndugu yetu,

Kwanza la haraka. Usimtumie mtu faili halisi hata moja, na usifute chochote kwenye diski yako. Picha 5 zinazolalamikiwa zifiche leo: mifumo mingi ya tovuti inakuruhusu kurudisha picha au ukurasa kwenye hali ya rasimu bila kuifuta. Kuficha si kukiri kosa. Kunazuia tu dai lake lisiendelee kukua wakati mnaandikiana.

Meneja ametia mambo matatu katika chungu kimoja, na wapiga picha wengi hufanya vivyo hivyo. Kuna swali la picha ni ya nani. Kuna swali la uliahidi nini ili uingie na kamera. Na kuna swali la nani anaonekana kwenye picha. Kila swali lina sheria yake, na unaweza kushinda moja ukaangushwa na jingine. Kwa hizo picha 5, meneja amekosea katika swali la kwanza, lakini katika la pili karatasi iko upande wake.

Tuanze na umiliki. Mkataba wa Berne wa 1886, wenye nchi wanachama zaidi ya 180, unasema hakimiliki haihitaji usajili wala taratibu yoyote ili iwepo. Picha inapata mmiliki pale unapobonyeza kitufe, na kwa kawaida mmiliki ni yule aliyechagua pembe, fremu na sekunde ya kubonyeza. Msanii naye ana haki zake kama mtumbuizaji, lakini mkataba wa 1996 wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, unazilinda kwenye sauti iliyorekodiwa, na ule wa Beijing wa 2012 kwenye picha jongefu. Picha mnato haibebi wimbo. Kwa hiyo maneno "mmiliki wa onyesho lake" hayampi meneja faili zako.

Yapo mazingira ambapo hakimiliki huanzia mikononi mwa mtu mwingine, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Uingereza, chini ya sheria ya 1988, kazi ya mwajiriwa katika ajira yake ni ya mwajiri, isipokuwa wamekubaliana vingine. Kwa kazi ya kuagizwa, nchi zinatofautiana kabisa. India, sheria ya 1957 inasema picha iliyopigwa kwa malipo kwa agizo la mtu ni ya aliyeagiza, kama hakuna makubaliano tofauti. Sheria ya Kenya ya 2001 nayo inahesabu kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, ila kama mmekubaliana vingine. Marekani ni kinyume: mpiga picha wa kujitegemea hubaki na picha zake, mpaka asaini kuzihamisha, au kazi iwe katika moja ya makundi tisa yanayotajwa na sheria na pande zote mbili ziwe zimesaini kwamba ni kazi ya kuajiriwa, yaani mali ya aliyeagiza tangu mwanzo. Mchango kwenye jarida ni mojawapo ya makundi hayo. Picha za shoo kwa ajili ya kurasa za bendi haziingii humo kirahisi. Ndiyo maana mikataba ya Marekani mara nyingi huwa na sentensi mbili zinazofuatana: ya kwanza inasema hii ni kazi ya kuajiriwa, ya pili inasema "na kama siyo, basi mpiga picha anahamisha hakimiliki yote hapa hapa". Ile ya kwanza inaweza isisimame mahakamani. Ya pili ndiyo inayokunyang'anya picha. Ukikutana nayo, hapo ndipo pa kuweka kalamu chini.

Karatasi uliyonukuu haina neno lolote la kuhamisha. Marekani na Uingereza, hakimiliki haihamishwi bila maandishi yaliyosainiwa na anayeihamisha. Soma ukurasa wote tena, hasa mistari ya herufi ndogo karibu na sahihi. Kama hakuna neno "inahamishwa", "inamilikiwa" au "mali ya", faili halisi ni zako na barua pepe ya meneja haiwezi kubadilisha hilo.

Sasa ahadi. Soma kile kifungu kipande kwa kipande. "Mara moja tu": jarida lilipochapisha, ruhusa ilitumika ikaisha. "Katika chombo kilichotajwa hapo juu": chombo ni jarida, na tovuti yako ni mahali pengine. "Kwa taarifa ya onyesho hili": potifolio inamtangaza mpiga picha, haitoi taarifa ya onyesho. Halafu "matumizi mengine yoyote" linafunga mlango uliobaki. Huenda utajitetea kwamba hukulipwa hata senti, kwa hiyo hakuna mkataba. Utetezi huo ni dhaifu. Uliruhusiwa kusimama mahali ambapo mwenye tiketi haruhusiwi kusimama. Hicho ndicho ulichopewa, na kwa mahakama nyingi kinatosha kuifanya ahadi yako iwe na nguvu.

Kwa hiyo una hakimiliki ya picha ambazo uliahidi kutozionyesha. Inauma, lakini ndivyo ilivyo. Tofauti yake ni kubwa kivitendo: meneja hawezi kukuita mwizi wa picha zako mwenyewe, na hawezi kudai faili. Anachoweza kudai ni kwamba umevunja makubaliano. Hasara yake kifedha kwa picha tano za potifolio ni ngumu kuithibitisha. Anachoweza kukufanyia kwa urahisi ni kukunyima pasi wewe na jarida lako katika shoo zote anazosimamia.

Ujue pia kwamba karatasi hizi si maandiko matakatifu. Mwaka 2015 wapiga picha walipinga hadharani masharti ya ziara ya dunia ya Taylor Swift, na mwezi Julai mwaka huohuo masharti yakarekebishwa baada ya mazungumzo na chama cha wapiga picha za habari cha Marekani, NPPA. Mwezi huohuo gazeti la Washington City Paper lilikataa kusaini masharti ya Foo Fighters na likatangaza litanunua picha za mashabiki. Menejimenti hubadilisha karatasi zinapoulizwa swali dogo, la wazi, lisilo na hasira. Wewe sasa ndio wakati wako wa kuuliza.

Mjibu ndani ya zile saa 48, kwa barua pepe, na usiandike lolote kwenye mitandao ya kijamii. Maneno yawe kama haya:

"Nimepokea barua yako. Nimeziondoa kwa muda picha 5 ulizotaja wakati tunalizungumza jambo hili. Hakimiliki ya picha hizi ni yangu na sijaihamisha. Kama una maandishi yanayosema tofauti, naomba nakala. Faili halisi sitazituma. Kwa mujibu wa karatasi ya siku ile, naomba kibali cha maandishi kuonyesha picha 3 (nimeambatanisha) kwenye potifolio yangu pekee: upande mrefu usiozidi pikseli 1,600, bila kuuzwa, bila kutumika katika tangazo la kulipia, jina la msanii na tarehe ya shoo vikitajwa. Mkitaka ziondolewe baadaye, nitaziondoa ndani ya siku 7 baada ya kuarifiwa."

Angalia unachoomba: picha 3, si 5. Ukiomba kidogo chenye mipaka, meneja anaweza kusema ndiyo bila kumwita mwanasheria wake. Siku 7 za kuondoa ndizo zinazomtuliza zaidi, kwa sababu zinampa breki mkononi. Akikubali, hifadhi jibu lake kama PDF pamoja na barua yako, kwenye folda ileile ya picha. Asipojibu, picha zibaki zimefichwa. Kimya si kibali cha maandishi.

Anaweza kuruka kukujibu na kuiandikia moja kwa moja kampuni inayohifadhi tovuti yako. Kama kampuni hiyo inafuata sheria ya Marekani ya 1998 kuhusu hakimiliki kwenye mtandao, itaondoa picha kwanza na kukuarifu. Una haki ya kutuma taarifa ya kupinga, na kama mlalamikaji hajafungua kesi, picha hurudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi. Mlango huo ni wa mwenye hakimiliki au aliyetumwa naye; aliyevunjiwa ahadi ya mlangoni hana haki ya kuutumia, na akidanganya kwa makusudi kwamba hakimiliki ni yake anaweza kudaiwa fidia. Lakini taarifa ya kupinga nayo hutolewa chini ya kiapo. Usiitume kwa picha ambayo hujasoma karatasi yake hadi mwisho.

Picha 9 zilizobaki katika zile 14 ziangalie moja moja, kwa sababu kila msanii huja na karatasi yake. Nyingine huwa na muda wa kikomo, nyingine zinaruhusu potifolio kwa jina, nyingine hazisemi chochote zaidi ya nyimbo tatu za mwanzo bila flashi. Pale ambapo hakuna karatasi, mwombe mhariri wa jarida akutumie barua ya maombi ya pasi: wakati mwingine aliyeahidi ni jarida, na ahadi hiyo inakuhusu. Soma pia masharti ya jarida kwa wachangiaji. Kutolipwa hakuzuii jarida kuwa na haki ya pekee ya picha zako kwa kipindi fulani.

Kwenye picha za bendi, kwanza jiulize sheria ya nchi gani inatawala makubaliano yenu. Kama ni nchi ambayo picha kubaki na mpiga picha ndiyo kanuni, hizo 11 ni zako, na ule ujumbe wa simu ni ruhusa ya "kuweka kwenye kurasa zetu" na si zaidi. Bango la ziara ni matumizi mengine, yenye bei nyingine. Kama ni nchi inayompa aliyeagiza, mambo yanageuka: bango linaweza kuwa halali, na wewe ndiye unayehitaji ruhusa ya kuzionyesha. Katika hali zote mbili, kufutwa kwa jina na kukatwa kwa picha bado ni jambo lako. Mkataba wa Berne, katika ibara ya 6 bis, unampa mwandishi wa kazi haki ya kutambuliwa na ya kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima, hata baada ya kuhamisha hakimiliki. Nguvu yake inatofautiana. Uingereza lazima uwe umeidai kwa maandishi haki ya kutajwa jina, ndiyo maana ni vizuri kuweka mstari huo chini ya tovuti yako. Marekani haki hiyo kwa picha ni finyu sana, lakini kufuta kwa makusudi taarifa za mwenye hakimiliki ili kuficha ukiukaji kuna fidia ya kisheria ya dola 2,500 hadi 25,000 kwa kila tukio.

Kabla hujawaandikia, piga picha ya bango lilipo, piga picha ya skrini yenye anwani ya ukurasa na tarehe, weka faili ghafi yenye taarifa zake za ndani pembeni ya nakala uliyowatumia. Kisha usiende na vita. Una kitu wanachokihitaji: ruhusa ya bango ambalo limeshachapishwa. Waandikie kwamba utaiidhinisha kwa malipo mtakayokubaliana na jina lako kurudishwa kwenye nakala za mtandaoni, na katika karatasi hiyohiyo wao wathibitishe kwamba hakimiliki ya picha zote 11 ni yako na kwamba unaruhusiwa kuzionyesha bila kikomo cha muda. Kipande hicho cha mwisho, kwa maoni yetu, kina thamani kuliko pesa ya bango, kwa sababu kinakumalizia wasiwasi wa picha 11 kwa sahihi moja.

Za tiketi hazina karatasi ya mlangoni, lakini tiketi yenyewe ni makubaliano. Tafuta ile barua pepe ya ununuzi na ufungue masharti. Utakayokuta mara nyingi ni marufuku ya kamera zenye lenzi ya kubadilishwa na marufuku ya matumizi ya kibiashara. Ukumbi ni mali ya mtu, na ana haki ya kuweka masharti ya kuingia. Je, potifolio ni biashara? Ukurasa wenye picha peke yake unaweza kutetewa. Ukurasa wenye kitufe kikubwa cha "Niajiri" kando ya uso wa msanii unateteeka kwa shida. Kama masharti hayakatazi, ziache. Kama yanakataza matumizi ya kibiashara, bakiza zile ambazo bila hizo potifolio inapungukiwa kweli, ziweke mbali na bei zako, na uwe tayari kuziondoa ukiombwa. Na usiandike popote "mpiga picha rasmi wa" fulani kama hukuwa. Andika jina la msanii, ukumbi na tarehe, basi. Maelezo ya kweli yanakulinda. Yanayodokeza kwamba msanii anakuunga mkono yanafungua kesi ya aina nyingine.

Hapo tunafika kwenye sura za watu, na kwa msanii aliye jukwaani mambo ni mepesi kuliko anavyodai meneja. Amepanda jukwaani ili aonekane. Kinacholindwa ni sura yake isitumike kuuza kitu. Sheria ya Haki za Raia ya New York inakataza kutumia sura ya mtu kwa tangazo au biashara bila idhini ya maandishi, lakini kifungu chake cha 51 kinamruhusu mpiga picha kuonyesha sampuli za kazi yake mahali pake pa kazi, mpaka aliyepigwa atakapopinga kwa maandishi. Kifungu hicho kiliandikwa enzi za studio zenye dirisha la kioo barabarani, lakini kinakufundisha mizani: kuonyesha kazi kunavumiliwa, na pingamizi la maandishi la mwenye sura ni jambo zito. Lichukulie hivyo popote ulipo.

Nyuma ya jukwaa ni habari nyingine. Mtu anayepakwa vipodozi chumbani hajajitoa kuonekana, na pasi ya eneo la wapiga picha haifiki huko. Ziondoe picha hizo 2 mpaka upate neno lake kwa maandishi. Lazima liwe neno lake au la mwakilishi wake. La mtu aliyekufungulia mlango halitoshi.

Kwa mashabiki, Ujerumani ina sheria ya 1907 inayotaka idhini ya mwenye sura, ikiacha nje watu walio sehemu ya mkusanyiko. Ufaransa mahakama zimejenga haki ya sura juu ya ibara ya 9 ya Kanuni ya Kiraia. Umoja wa Ulaya, chini ya kanuni yake ya data inayotumika tangu Mei 2018, unahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data binafsi, na unaacha nchi wanachama ziweke nafuu kwa uandishi wa habari na sanaa. Sheria ni nyingi, lakini unaweza kuzipima kwa kidole. Fungua picha kwa ukubwa wake kamili na uzibe uso mmoja. Kama picha inabaki ileile, mtu huyo ni umati. Kama picha imekufa, mtu huyo ndiye mada, na anahitaji kuulizwa. Zile mbili za umati zitapita. Ya msichana haitapita: ukiziba macho yake yenye machozi hakuna kinachobaki. Hajaja pale kama msanii, na wakati ule alikuwa amejiachia. Mtafute kupitia jarida au kurasa za mashabiki ukiweza, mtumie picha, umwombe asaini mistari mitatu: kwamba ndiye, kwamba anakubali ionyeshwe kwenye potifolio, na kwamba anaweza kuondoa idhini. Usipompata, itunze bila kuionyesha.

Ya mtoto iondoe leo. Idhini ni ya mzazi au mlezi, kwa sahihi, na aliyembeba mabegani si lazima awe mzazi. Kama una fremu ya pili ambayo anaonekana kwa nyuma, mikono juu na taa za jukwaa mbele yake, weka hiyo. Mara nyingi ni picha nzuri zaidi.

Video ya sekunde 20 hatukushauri ibaki kwenye tovuti hata siku moja. Ina mtunzi wa wimbo, ina mtumbuizaji, na ikiwa sauti umeibandika kutoka kwenye rekodi ya studio, ina mwenye rekodi pia. Watu husema sekunde kadhaa za muziki ni huru. Hakuna idadi ya sekunde iliyo huru kisheria. Iweke bila sauti ukitaka, nayo bado inabeba haki ya mtumbuizaji kwenye picha jongefu; picha mnato moja kubwa itafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Hakikisha tu picha hiyo ya juu si ya kundi la wasiwasi, na kwamba haijajazwa na mchoro wa pazia la jukwaa au nembo ya bendi. Nembo ikionekana nyuma ya msanii ni sehemu ya tukio; ukiikata ikawa pambo la ukurasa wako, umeigeuza kuwa yako.

Kuhusu kuuza chapa: potifolio na duka ni vitu viwili, usiviweke kwenye ukurasa mmoja. Katika zile 14, yoyote ambayo karatasi yake inasema "mara moja tu" haiwezi kuuzwa. Za bendi, subiri karatasi yao, na ombeni kifungu cha mauzo humohumo, hata kama ni mgawo wa asilimia. Za tiketi zina masharti ya tiketi juu yake. Chapa ya sanaa ya kutundika ukutani hutetewa katika baadhi ya nchi kama sanaa. Fulana na vikombe karibu kila mahali vinahesabiwa bidhaa za msanii. California peke yake, Kifungu cha 3344 cha Kanuni ya Kiraia kinaweka fidia ya dola 750 kama kiwango cha chini kwa kutumia sura ya mtu kwenye bidhaa bila idhini, na gharama za wakili hulipwa na anayeshindwa. Tunaona usianze kuuza mwaka huu.

Baada ya haya, chukua jedwali la kompyuta na uandike mistari 40: namba ya faili, tarehe, msanii, uliingiaje, karatasi iko wapi, nani anatambulika, uamuzi. Ni kazi ya jioni moja. Ukiona picha ambayo safu ya karatasi haina kitu na safu ya uso imejaa, hiyo ndiyo ya kuondoa kwanza. Kwa picha za bendi na za meneja, kama kuna kiasi kikubwa cha fedha au barua inayofuata imetoka kwa wakili, mpelekee wakili wa hakimiliki jedwali hilo pamoja na karatasi zenyewe. Utamlipa muda mchache kuliko ukimsimulia kwa mdomo.

Na kwa shoo ijayo, omba karatasi kupitia jarida siku mbili kabla, uisome nyumbani. Penye "mara moja tu" omba waongeze sentensi hii: "Mpiga picha anabaki na hakimiliki na anaruhusiwa kuonyesha picha katika potifolio yake, ya mtandaoni na ya karatasi, kwa kutangaza kazi yake mwenyewe, bila kuziuza." Wakikataa kwa barua pepe, unajua mapema kwamba shoo hiyo unapiga kwa ajili ya jarida tu. Ukipewa karatasi mlangoni, unaweza kukata mstari kwa kalamu, lakini ukatwaji wako una maana pale tu anayepokea naye anapoweka herufi za jina lake pembeni ya ulipokata. Mlinzi wa mlango hana mamlaka hayo, muulize kwa upole ni nani mwenye nayo. Kisha, kabla hujairudisha, iweke chini ya taa na uipige picha ukurasa mzima, pande zote mbili, kwa simu yako.